Senje na Rangi ya Kucha Zangu

Mpendwa Senje,

Juzi tulikutana nyumbani, ukoo mzima, kupanga harusi ya mjukuu wa kaka yangu, na chai ilipoletwa watu wakaanza kukusimulia kama kawaida yao. Kijana mmoja ambaye hakuwahi kukuona akauliza, "Si huyo ndiye alifukuzwa na wazungu huko Nakuru juu ya wizi?" Mwenzake akamjibu kwamba uliiba saa ya dhahabu. Mwaka juzi ilikuwa chupa ya manukato. Mali uliyoiba inapanda thamani kila tukikutana, na wewe umelala kimya kule kwenu Kakamega huna hata nafasi ya kucheka.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango na kikombe changu. Ni mimi tu katika nyumba ile niliyejua kilichotokea, kwa sababu nilikuwepo, na mikono iliyoleta balaa ile ni hii hii iliyoshika kikombe. Nikanywa chai. Nilinyamaza hivyo hivyo siku ya mazishi yako, mzee wa kanisa alipotuambia kwamba Mungu alikwisha kukusamehe ile ya Nakuru. Nimerudi kwangu nikiwa na aibu, ndiyo maana nakuandikia, na nakuandikia wazi ili nao wasome. Mengi ya barua hii ni shukrani. Moja ni la kusema kweli, na nisipolisema mimi litazikwa nami.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka ishirini hivi. Baba alisema, "Nenda kwa dada yangu, senje yako, kule Nakuru, atakutafutia kazi," nawe ukanitafutia. Ulikuwa ukifagia nywele na kufua taulo katika saluni ya wazungu pale mjini, na mteja mmoja alikuwa anatafuta boi wa meza. Mume wako, fayamani, mchochea moto wa gari la moshi, alikuwa safarini siku nyingi kuliko alizolala nyumbani, kwa hiyo chumba chenu kimoja kule kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kilikuwa chetu mimi na wewe, na pazia katikati. Vumbi jeupe la ziwani likivuma mchana tulilikuta hadi ndani ya sufuria.

Memsabu wangu, yule mteja, alikaa upande wa Milimani, chini ya mlima Menengai. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa chakula, alitupanga kwenye veranda ya nyuma, mpishi, mimi na mtu wa shamba, viganja juu. Alipita akichungulia chini ya kucha zetu, na akiona weusi alichukua kijiti cha kibiriti akauchokoa mwenyewe, huku amekunja pua. Baada ya hapo nilivaa kanzu nyeupe ndefu hadi miguuni, nikajifunga mshipi mwekundu, nikapakua supu. Nimewaza mara nyingi kwamba mchana kutwa nilivaa vazi refu linalopeperuka na hakuna aliyeshangaa.

Kile ambacho wangekishangaa nilikifanya Jumapili ukiwa kanisani. Tangu nikiwa mdogo nilipenda nguo za kike. Sina maelezo marefu zaidi ya hayo. Wengine wanapenda mpira. Nilikuwa nikivaa gauni lako la kijani, lile la vifungo mbele, nikajifunga kitambaa, nikakaa tu kitandani nimetulia. Sikwenda popote. Ilikuwa ni saa moja ya kupumua, kisha nililikunja na kulirudisha sandukuni, na kila mara niliapa kwamba sitarudia.

Siku uliyorudi mapema kwa sababu mhubiri alikuwa mgonjwa, sikusikia mlango. Nakuona hadi leo, umesimama na Biblia kwapani. Mimi nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Niliona mzigo wangu umetupwa nje, niliona barua imekwenda kwa baba, niliona majirani wamejaa mlangoni. Wewe ulifunga mlango na komeo. Ukanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu ukashika mkono wangu.

"Gauni limekukaa," ukasema. "Lakini na kucha hizi? Unaniharibia gauni langu."

Nikaangua kilio. Ukaniambia niache kulia nichemshe maji.

Senje, ningependa watu wa kwetu wajue jinsi ulivyokuwa fundi. Wao wanakujua kwa jembe na nyimbo za kanisani. Hakuna aliyekufundisha kazi ya kucha. Uliisoma kwa macho huku umeinama na ufagio, wiki baada ya wiki, chini ya viti vya wale mabibi. Ulijua vidole viloweshwe kwa muda gani katika maji ya uvuguvugu yenye povu la sabuni. Ulichonga kijiti cha mti laini, ukakizungushia pamba, ukaisukuma ile ngozi ya mzizi wa ukucha taratibu bila kuikata. "Ukiikata italipiza," ulisema. Msasa mwembamba uliupata kwa mume wako, akidhani unasugua sufuria, nawe ukanionya niusugue kwenda upande mmoja tu, kutoka pembeni hadi katikati, sio kama mtu anayekata mbao.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba ukucha unaweza kung'aa bila rangi. Ulikuwa na kipande cha ngozi laini ya glavu, iliyotupwa na mteja kwa sababu ilipasuka dole gumba. Ulitia jivu lililochekechwa, tone la mafuta, ukaanza kusugua, ukucha mmoja mmoja, huku ukiimba kwa sauti ya puani. Ulipomaliza nilizipeleka dirishani. Zilikuwa fupi, za duara, na zina mng'ao wa ndani kama maharagwe mapya. Sikuamini kwamba ni zangu.

"Sasa hizi ni za mwanamke," ukasema, "na hakuna mtu atajua. Yule memsabu wako atasema boi wake ni msafi."

Na kweli alisema. Jumatatu alinisimamisha mbele ya wenzangu, akawaambia, "Tazama mikono ya huyu. Nyinyi nafanya kama huyu." Mpishi alininunia kwa wiki nzima. Mimi nilipakua supu nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia ila wewe. Niliporudi na kukusimulia ulicheka hadi ukakaa chini.

Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Kila Jumapili baada ya kanisa, maji, kijiti, msasa, ngozi. Tuliongea mambo mengi kuliko niliyowahi kuongea na mzazi wangu. Hukuniuliza kwa nini. Mara moja tu uliniuliza kama naumwa na jambo hili, nikakuambia linaloniuma ni kulificha, ukasema, "Basi hapa hufichi," ukaendelea na kidole kinachofuata.

Ningetosheka na hayo, tusingefika tulikofika. Lakini nilitaka rangi nyekundu. Nilikuwa nimeiona kwenye vidole vya memsabu vikishika kikombe, nikakuomba, ukakataa. Nikakuomba tena. Ulisema rangi ni ya watu wasioosha vyombo. Nilikubembeleza wiki tatu kama mtoto anayetaka peremende, nikijua wazi kwamba mwenye saluni alikataza mfagiaji kuchukua hata kifuniko kutoka kwenye pipa la taka. Nawe kwa kunipenda ukaokota chupa yenye rangi kidogo chini, na kichupa kingine chenye dawa ya kuitolea. "Jumapili moja tu," ukasema. "Na inatoka kabla ya jua kushuka."

Siwezi kusema nilivyojisikia mchana ule. Nilikaa na gauni la kijani na kucha kumi nyekundu juu ya magoti, nikaona nimekamilika. Ulinitazama ukasema, "Haya, mrembo, umeshiba?" Nikasema bado kidogo.

Tulipotaka kuitoa tukakuta kichupa cha dawa ni kikavu. Nilikuwa nimekifungua kunusa, na sikurudisha kizibo sawasawa. Tukajaribu mafuta ya taa. Rangi ikalainika ikawa uji, tukaikwangua. Kabla hatujamaliza, akina mama wa kanisa wakabisha hodi, ukatoka kuwazuia uani, nami nikabaki nyuma ya pazia nikisugua. Hapo ndipo nilipofanya kosa la boi. Kwa kuwa memsabu siku zote alichungulia chini ya kucha, mimi nilisafisha chini ya kucha. Nilikwangua kule chini hadi ngozi ikawaka. Juu, kwenye mzizi, pale ngozi inapokutana na ukucha, sikuangalia vizuri.

Asubuhi nilipita ukaguzi. Viganja juu, chini ya kucha kweupe, memsabu akasema, "Mzuri." Nusu saa baadaye nikamwekea yai mezani, jua linaingia dirishani, na mkono wangu ulikuwa umegeuka upande wa pili. Akaushika kabla sijaurudisha.

"Nini hii? Nyekundu hii napata wapi?"

Nikakunja vidole.

"Wewe naingia rumu yangu! Wewe naiba rangi yangu!"

Zilikuwa siku za emajensi, za vita vya Mau Mau. Boi aliyeshukiwa wizi chumbani kwa memsabu hakuulizwa mara mbili. Ilikuwa polisi, jela, na akitoka harudi Nakuru. Alikuwa tayari anaelekea kwenye simu. Hapo nikafungua mdomo, Senje, na neno lililotoka lilikuwa wewe. "Ni shangazi yangu," nilisema. "Amenipaka shangazi. Yuko saluni." Nilikutaja. Kwa miaka yote hii nimejaribu kuikumbuka siku ile kwa njia nyingine, na kila mara nakuta ni mimi niliyekutaja.

Akaniweka kiti cha nyuma cha motokaa na kanzu yangu, hadi saluni. Ulikuwa unakunja taulo. Mabibi watatu walikuwa kwenye viti, vichwa vimelowa. Memsabu akauinua mkono wangu mbele ya watu wote, akauliza kama ni kazi yako. Uliutazama mkono. Ukanitazama usoni, kwa kitambo kidogo tu. Halafu ukacheka, kicheko cha kijinga ambacho sikuwahi kukisikia kwako.

"Ah, memsabu! Hiyo ni dawa! Kijana alikuwa na mdudu ya kidole, inamuuma, analia. Mimi naona chupa kwa taka, nasema dawa ya kucha ya wazungu lazima iko na nguvu. Nikampaka."

"Vidole yote kumi?"

"Na mdudu akiruka kwa kidole ingine, memsabu? Nitafanya nini?"

Mabibi wakacheka wote. Bibi mmoja alicheka hadi akafuta machozi kwa taulo uliyoifua wewe. Nawe, uliyejua kucha kuliko mtu yeyote katika chumba kile, ulisimama umelegeza midomo, umejifanya mshamba asiyejua rangi na dawa, ukawaacha washibe. Memsabu wangu akasema mimi sio mwizi, nimeponzwa tu na upumbavu wa shangazi yangu. Mwenye saluni ndiye hakucheka. Alisema kuokota kwenye pipa ni kuiba, akakuambia uvue aproni na uende.

Nilirudishwa kazini kwa motokaa ile ile, niwahi kuandaa chakula cha mchana. Tulikupita barabarani ukitembea kuelekea landi, kitambaa chako kichwani. Uliponiona nyuma ya kioo ulinipungia mkono, kama mtu anayemsindikiza mgeni stesheni.

Jioni nilipofika nilikuwa nimepanga maneno mengi. Ulikuwa unasonga ugali. Nilisema, "Senje, nimekuharibia." Ukasema, "Wewe ungefungwa. Mimi nimechekwa tu. Kaa ule." Nikasema nitakwenda kueleza ukweli. Ukageuka na mwiko mkononi, na hiyo ndiyo mara pekee uliyonikasirikia: "Ukienda kusema, basi nimejifanya mjinga bure." Nikakaa nikala.

Bila barua nzuri kutoka kwa mwenye saluni hukupata kazi tena mjini. Mtu wa kwetu aliyekuwa dobi pale karibu akapeleka habari nyumbani, na ilipofika ilikuwa neno moja tu, wizi. Mume wako aliona aibu mbele ya wenzake wa reli. Wewe ukapanda kwenda upande wa Molo, juu kuelekea Kuresoi, ukachuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu. Mimi nikabaki na kanzu yangu na sifa ya usafi.

Nilikuja kukuona baada ya miezi mingi, kwa sababu ya woga zaidi kuliko safari. Baridi ya kule ilikuwa inakata. Ulinikaribisha kwa viazi vya moto, na uliponipa sahani niliona mikono yako. Pareto ilikuwa imekula ngozi. Vidole vimepasuka pembeni, kucha zimekatikakatika na kuwa za manjano. Nilichemsha maji bila kukuuliza. Nilikuwa nimebeba kijiti, na msasa, na mafuta ya mgando niliyonunua mjini. Ulijaribu kuuvuta mkono, ukasema, "Wacha, hizi ni za kazi." Sikuuachia. Nilikufanyia kama ulivyonifundisha, taratibu, bila kukata ngozi, kuanzia kidole kidogo. Nilipofika dole gumba nilianza kusema asante, ukanikatiza.

"Bado unapenda kuvaa?"

"Napenda."

"Una nguo?"

Nikasema sina, kwa sababu kweli sikuwa na pa kuipata. Asubuhi, niliposhika njia, ulinipa kifurushi nibebe. Nilikifungua njiani nikakuta gauni la kijani. Nililia barabarani bila kujificha, na watu waliokuwa wanashuka na magunia ya viazi wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Halafu kuna lile ambalo nililijua nikiwa mzee. Kwetu senje ndiye anayesimama kati ya kijana na mchumba wake, na hata ukiwa na jina baya ulikuja kufanya kazi yako. Uliniambia tu kwamba umemwona msichana na kwamba ana akili. Hukuniambia kwamba ulimkalisha chini peke yake ukamweleza mambo yangu yote kabla hajakubali. Mke wangu alinisimulia tukiwa na wajukuu. Anasema ulimwambia, "Huyu ni mtu mzuri, lakini Jumapili anapenda gauni. Kama huwezi, sema sasa, usije kumwaibisha kesho." Naye akakuuliza kama ninakunywa pombe. Ukasema hapana. Akasema, "Basi avae." Nimekaa na mwanamke yule maisha marefu, Senje. Kila Jumapili alinisugua kucha kwa kipande cha ngozi na kunisema kwa kukoroma. Nyumba yangu haikuwa na kona ya kujificha. Hayo yote ni wewe uliyeyapanga, katika mazungumzo ya mchana mmoja, na mimi nilidhani ni bahati.

Mke wangu alikuja huko uliko miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hakuna tena wa kuaibishwa na barua hii isipokuwa mimi, na mimi nimekula aibu ya kunyamaza hadi nimeshiba. Asante kwa kufunga mlango siku ile. Asante kwa jivu lililochekechwa. Asante kwa kicheko kile, ambacho kilikugharimu kazi na jina, na ambacho hukunikumbushia hata mara moja.

Na ninyi mnaosoma, watoto na wajukuu wa ndugu zangu: siku ya harusi nitakuwepo, na chai itakapoletwa najua mtaanza. Senje hakuiba saa, wala manukato. Aliokota takataka kwa sababu nilimwomba. Mkiulizwa rangi ile ilikuwa ya nani, msiseme hamjui. Mseme ilikuwa ya babu, na ilimpendeza.

Pumzika, Senje. Nimelisema.

Wako,
Mtoto wa kaka yako